Kwenda Rabai: maswali wanayouliza wageni wa Kanisa la Mtakatifu Paulo

Rabai ni kijiji cha vilimani, nyuma ya Mombasa, na kanisa lake la Kianglikana limezungukwa na minazi, shule na nyumba za watu. Wengi huja wakiwa na majina mawili tu kichwani, ya wamisionari Krapf na Rebmann. Wakipata mwenyeji anayeijua historia ya kwao, huondoka na majina mengine mengi. Haya ndiyo maswali ninayoulizwa sana na jamaa, walimu na marafiki kabla ya safari na hata tukiwa ndani ya matatu.

Rabai iko wapi, na nitafikaje?

Rabai iko Kaunti ya Kilifi, lakini njia rahisi ni kutokea Mombasa, mwendo wa kilomita kama 25. Fuata barabara kuu ya Nairobi, upite Changamwe na Miritini mpaka Mazeras. Hapo unaiacha barabara kuu na kukata kulia, njia ya Kaloleni. Matatu za Kaloleni hupita Rabai, na ukikosa utawakuta vijana wa bodaboda pale Mazeras. Mwambie kondakta mapema kwamba unashuka Rabai, kwenye makumbusho, maana akishapita hapo mawazo yake yote yako Kaloleni.

Anayekuja kwa reli ya SGR kutoka Nairobi asikimbilie kwanza mjini. Stesheni ya Mombasa iko Miritini, nusu ya njia ya Rabai tayari.

Ni kweli hili ndilo kanisa la kwanza Kenya?

Inategemea unamaanisha nini. Ukristo ulifika pwani yetu karne tatu kabla ya Rabai. Wareno walikuwa na kanisa dogo Malindi, lile ambalo bado limesimama karibu na bahari, na Mombasa walikuwa na watawa wa Kiagustino. Mambo yale yalikatika vibaya mwaka 1631, wakati Yusuf bin Hassan, sultani wa Mombasa aliyelelewa na Wareno kwa jina la Dom Jerónimo, alipowageuka na kuiteka Ngome ya Yesu. Kwa hiyo anayesema Rabai ndipo Mkenya wa kwanza aliposikia Injili, amepitiliza.

Rabai ni mwanzo wa kitu kingine: Kanisa la Anglikana la Kenya, na kwa jumla madhehebu ya Kiprotestanti katika nchi hii, huanzia hapa kuhesabu miaka yao ya makazi ya kudumu. Tangu mwaka 1846 hapajakatika. Kwangu mimi huko kutokatika kuna uzito kuliko neno "la kwanza".

Jengo ninaloliona ndilo alilojenga Krapf?

Hapana, na ni vizuri kulijua hili kabla hujaanza kupiga picha na kuandika maelezo chini yake. Kanisa kubwa la Mtakatifu Paulo ni la miaka ya 1880. Krapf aliondoka Rabai mwaka 1853 na hakuwahi kuhubiri ndani ya kuta hizo. Makazi ya mwanzo yalikuwa ya miti na udongo, yakaezekwa makuti, kama nyumba nyingine za hapa wakati huo.

Uwanja ule una majengo ya nyakati mbalimbali: kanisa, nyumba zinazotajwa kwa majina ya Krapf na Rebmann, makumbusho yaliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na shule. Muombe mwenyeji akuonyeshe lipi ni la lini. Kama umesoma barua za wamisionari, utakuwa umekutana pia na jina Kisulutini. Ni kituo cha hapahapa Rabai, ambako Rebmann aliishi miaka yake ya mwisho.

Krapf na Rebmann walikuwa nani hasa?

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 Derendingen, karibu na Tübingen, kusini mwa Ujerumani. Alitumwa na shirika la kimisionari la Kiingereza, CMS, kwanza Ethiopia, na alipofukuzwa huko akaja Zanzibar mwanzoni mwa mwaka 1844. Seyyid Said, sultani wa Zanzibar, akampa barua ya kumtambulisha kwa magavana wake wa pwani. Mwezi Mei akahamia Mombasa na mkewe Rosine, aliyekuwa mjamzito.

Miezi miwili baadaye Rosine alijifungua mtoto wa kike huku wote wawili, mume na mke, wakiwa na homa kali. Alifariki tarehe 13 Julai 1844, na mtoto akamfuata siku chache tu baadaye. Wamezikwa upande wa Nyali. Krapf aliwaandikia waliomtuma kwamba kaburi lile lichukuliwe kuwa alama ya kazi iliyoanza. Akabaki peke yake karibu miaka miwili, akijifunza lugha na kutembelea vijiji vya Mijikenda, hadi Johannes Rebmann alipofika Juni 1846.

Tarehe 25 Agosti 1846 wakapanda Rabai. Ukifika, simama kidogo mahali ambapo barabara inaanza kupanda, uitazame ile miinuko. Walipanda wakiwa na homa wote wawili, wana punda mmoja, na hakuna aliyekuwa na nguvu za kutembea safari nzima. Lakini hawakujipandia tu. Wazee wa Rabai walikuwa wamekaa, wakasikilizana, wakakubali wageni hawa wajenge kwao. Ruhusa ile ndiyo mwanzo wa parokia hii, na huwa inasahaulika.

Mtu wa kwanza kubatizwa aliitwa Mringe, mlemavu aliyekuwa mgonjwa mahututi. Baada yake walikuja wachache sana. Rebmann alikaa miaka 29 pasipo kurudi Ulaya hata mara moja, na alipoondoka mwaka 1875 alikuwa kipofu, akiongozwa na kijana wa Rabai, Isaac Nyondo. Alifariki mwaka uliofuata. Krapf alifariki mwaka 1881. Ukilipima kanisa la Rabai kwa idadi ya waumini wa miaka thelathini ya mwanzo, utasema lilishindwa.

Na habari ya Mlima Kilimanjaro?

Ni ya hapa. Mwaka 1848 Rebmann alitoka Rabai kwenda Uchagani, akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara aliyezijua njia hizo vizuri. Tarehe 11 Mei akauona mlima una weupe kileleni, akaelewa ni theluji. Mwaka uliofuata, tarehe 3 Desemba 1849, Krapf akauona Mlima Kenya akiwa Ukambani, kwa msaada wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui.

Mabingwa wa jiografia kule London walikataa katakata kwamba theluji inaweza kuwepo karibu na ikweta, na mmoja wao, William Desborough Cooley, alishikilia msimamo huo kwa miaka. Wachaga na watu wa misafara walikuwa wakiujua mlima wao siku zote. Kilichotoka Rabai ni taarifa iliyoandikwa kwa Wazungu. Kutoka hapa pia ilitoka ramani ya Jakob Erhardt, mmisionari wa tatu, iliyoonyesha ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ramani ilikuwa na makosa, lakini ndiyo iliyochangia kuwaleta wavumbuzi Waingereza Burton na Speke, na mwanzoni mwa mwaka 1857 walipanda Rabai kumwona Rebmann kabla ya safari yao ya maziwa.

Mbona mwenyeji wetu alisimulia habari za watumwa kuliko za wamisionari?

Kwa sababu anaijua parokia yake. Bila watu waliotoroka utumwa, Rabai ingebaki nyumba mbili tatu na kaburi.

Mwaka 1864 walifika vijana wa Kiafrika kutoka India. Walikuwa wameuzwa wakiwa watoto, wakaokolewa baharini na meli za Kiingereza, wakapelekwa Bombay na kusomeshwa karibu na Nasik. Ndiyo maana watu wa pwani wakawaita "Wabombay". Majina matatu uyashike: George David, Ishmael Semler na William Jones. Walijua kusoma, walijua kazi za mikono, walijua Kiingereza, na wao wenyewe walijua mnyororo ni nini. Rebmann alipozidi kudhoofika, mzigo wa kituo ulikuwa mabegani mwa watu hawa, George David hasa. Wengine wengi wakaja baada ya mwaka 1875, wakati CMS ilipofungua makazi ya walioachwa huru pale Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa.

Kisha wakaja watoro. Mashamba ya pwani yalilimwa na watumwa, na habari zikaenea kwamba kule milimani kuna watu weusi wenye kanisa lao, nao walikuwa watumwa kama sisi. Watu wakaanza kupanda Rabai usiku. Wamisionari waliogopa kugombana na matajiri wa mashamba na mara kadhaa waliagiza watoro wasipokelewe. Walipokelewa. Waliopewa hifadhi walijenga, wakalima, wakaoa na kuolewa, wakaketi kanisani.

Mwaka 1888 mambo yakachemka. Wenye watumwa walidai mali yao, na ikaonekana damu itamwagika. George Mackenzie, wa kampuni ya Kiingereza iliyokuwa imeingia kuitawala pwani, akafanya hesabu kituo kwa kituo, akapata watoro zaidi ya 1,400 katika vituo vya misheni, wengi wao Rabai. Wenye kuwadai wakalipwa fidia. Tarehe 1 Januari 1889 watu walikusanyika Rabai, wakaitwa mmoja mmoja, kila mtu akapewa hati ya uhuru yenye jina lake. Sheria ya kufuta utumwa pwani ya Kenya ilikuja mwaka 1907. Hapa watu walikuwa na karatasi zao mkononi miaka 18 kabla ya hapo.

Wapo wageni wanaokasirika wakisikia kwamba fidia walilipwa waliokuwa wakiwamiliki watu. Wana haki ya kukasirika. Hata mimi sijapata namna ya kulisema jambo hilo likasikika vizuri.

Nimesikia habari ya bendera ya buluu. Ni nini?

Julai 1885 Askofu James Hannington alianza safari ya kwenda Uganda akitokea Rabai, na William Jones akiwa pamoja naye. Jones alikuwa amepewa ushemasi mwaka huohuo. Walipofika Kwa Sundu, Mumias ya leo, askofu alitangulia na watu wachache, akamwacha Jones na sehemu kubwa ya msafara. Tarehe 29 Oktoba Hannington aliuawa Busoga, pamoja na wengi wa wapagazi wake.

Jones akasubiri. Habari zilipomfikia, akawakusanya waliobaki na kuwarudisha pwani kwa miguu, kupita nchi ya watu wasiowataka na njaa. Mapema mwaka 1886 watu wa Rabai waliona msafara unapanda. Mbele yake palikuwa na bendera ya buluu, imeandikwa kwa herufi nyeupe neno moja: Ikabodi. Wasomaji wa Biblia wanalijua kutoka Samweli wa Kwanza sura ya 4, jina la mtoto aliyezaliwa siku utukufu ulipoondoka katika Israeli. Hakuna aliyehitaji kuuliza askofu yuko wapi. Wake za wapagazi, waliowaaga waume zao pale pale miezi kadhaa kabla, ndio waliokuwa wakihesabu nani yumo mstarini na nani hayumo.

Ukienda na kikundi, isimulieni hadithi hii mkiwa nje, mmeelekea barabarani. Mnaelewa vizuri zaidi.

Kuna uhusiano gani kati ya Rabai na Kiswahili tunachoandika?

Mkubwa. Krapf alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili mwaka 1844 akiwa Mombasa, akisaidiwa na kadhi wa mji huo. Mwaka 1850 akachapisha sarufi yake kule Tübingen, na kamusi yake kubwa ikatoka London mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha fariki. Rebmann naye alikusanya maneno ya Kimijikenda kwa miaka mingi, na mengi aliyapata kwa wazee wa Rabai waliokuwa wakikaa naye barazani.

Kiswahili kilikuwa na maandishi yake kwa herufi za Kiarabu muda mrefu kabla ya hapo, na Krapf mwenyewe alichukua miswada ya tenzi na kuipeleka Ujerumani. Kwa hiyo tusiseme aliifundisha lugha yetu kuandikwa. Alichofanya ni kuiandika kwa herufi za Kilatini kwa bidii na kwa wingi, na Kiswahili alichokisikia ni Kimvita cha Mombasa. Ukiifungua kamusi yake leo, mzee wa Mji wa Kale angeyatambua maneno mengi kuliko mwanafunzi wa Nairobi.

Naweza kuhudhuria ibada kama mimi si Mwanglikana?

Ndiyo. Hili ni kanisa la parokia, linatumika kila Jumapili, kuna harusi, kuna mazishi. Fika mapema, keti mahali utakapoonyeshwa, na ukisimamishwa kujitambulisha usione haya: sema "Bwana asifiwe", taja jina lako na unakotoka, ukae. Usitoe hotuba. Kwenye Meza ya Bwana, kama umebatizwa na unashiriki kanisani kwenu, muulize mzee wa kanisa kabla ya ibada kuanza. Kama hushiriki, baki kitini, hakuna atakayekushangaa.

Waislamu huja pia, hasa wanafunzi na walimu, na hupokelewa kama wageni wengine. Pwani tumezoea kuzikana na kuozana, hili si jambo geni.

Nakusihi jambo moja. Kama umekuja kuangalia jengo tu, usije saa ya ibada. Njoo siku ya kazi, au Jumapili baada ya watu kutawanyika. Kuzunguka na simu mkononi huku watu wamepiga magoti ni utovu wa adabu, hata kama umesafiri kutoka mbali kiasi gani.

Nivae nini?

Nguo ya kawaida ya heshima. Mabega yafunikwe, kaptura ibaki hotelini. Akina mama na dada wakibeba leso moja mkobani hawatapungukiwa na kitu, kwa sababu leso hufaa kanisani, hufaa kwenye kaya, yaani misitu mitakatifu ya wazee, na hufaa kukalia nyasini. Vaa viatu vya kutembea.

Kupiga picha kunaruhusiwa?

Nje ya kanisa, kwa kawaida hakuna tatizo, lakini uliza. Ndani ya kanisa na ndani ya makumbusho, lazima uulize kwanza. Watoto wa shule usiwapige picha bila idhini ya mwalimu. Makaburi unaweza kuyapiga picha, ila kumbuka mengine ni ya juzijuzi, na mama unayemwona pembeni akipalilia huenda yuko kwa mwanawe.

Kiingilio ni kiasi gani?

Kanisani hakuna kiingilio. Kuna sadaka, nayo ni hiari yako. Makumbusho yana kiingilio, na Mkenya, Mwafrika Mashariki na mgeni wa nje hawalipi sawa, kwa hiyo chukua kitambulisho. Bei hubadilika, ulizia kabla ya kwenda. Hakikisha simu yako ina pesa, kwa kuwa malipo ya noti taslimu hayapokelewi kila mahali siku hizi.

Ukipata mtu wa kijiji akakutembeza nusu siku nzima, akakueleza kwa moyo, mpe chochote cha maana. Usimpe shilingi hamsini ya soda baada ya kumchosha na jua.

Naweza kwenda kayani siku hiyohiyo?

Unaweza, ukipanga. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2008, na kaya za Rabai zimo: Mudzi Mwiru, Bomu, Fimboni na Mudzimuvya. Kaya ni mahali patakatifu pa wazee, si bustani ya matembezi. Huingii bila mzee wa kaya na bila ruhusa. Utaambiwa uvue viatu, huenda ukapewa kitambaa cheusi ujifunge, na utaelezwa njia ipi ni ya kupita na ipi si ya kupita. Hukati kijiti, huokoti jiwe, na pakisemwa hapapigwi picha, hapapigwi.

Watu huniuliza kama ni sawa kwa Mkristo kwenda. Waulize wachungaji wako. Mimi naona tu kwamba wazee wa kaya ndio waliowapa wamisionari mahali pa kujenga, na familia nyingi za Rabai zina mtu kanisani na mtu kayani, na wanakula sahani moja. Anayeona kanisa peke yake ameona nusu ya mwaka 1846.

Maandishi ya zamani yatawaita watu wa hapa "Wanika". Wewe waite Warabai, au Mijikenda.

Babu yetu alibatizwa Rabai. Naweza kupata jina lake?

Swali hili nalipenda, na hujaza watu machozi mara kwa mara. Anza nyumbani: andika majina yote unayoyajua, ya ubatizo na ya asili, jina la mama, na miaka ya kukadiria. Wabombay na watoro wengi walichukua majina ya Kiingereza, kwa hiyo jina la ukoo kama Jones au David halikupi jibu lenyewe. Utahitaji zaidi.

Kisha zungumza na ofisi ya parokia, kwa barua au kwa kuja mwenyewe, uombe siku ya kuangaliziwa vitabu. Usifike ghafla ukataka kabati lifunguliwe. Vitabu vya zamani vimechakaa, karatasi hukatika ukizigeuza kwa haraka, na anayekusaidia ana kazi zake. Ukikwama, Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ipo Nairobi, na barua za CMS, zikiwemo za Rebmann na za vituo vya pwani, ziko Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza. Ndugu waliotawanyika Ulaya wanaweza kwenda kuzisoma huko kwa miadi.

Usiache kuwahoji wazee. Bibi wa miaka themanini anayekumbuka nyimbo na majina ya mashamba anaweza kukupa kiungo ambacho hakimo kitabuni. Mwamkie shikamoo, kaa chini, mwache aseme kwa mpangilio wake. Kama Kiswahili chake kinachanganyika na Kirabai, mwombe mjukuu akae karibu.

Ninaleta wanafunzi. Nifanyeje?

Toa taarifa mapema kwa makumbusho na kwa kanisa, kila mmoja peke yake. Gawa darasa: nusu makumbusho, nusu uwanjani, halafu wabadilishane. Wape kazi kabla ya safari. Mimi hupenda kila mtoto apewe mtu mmoja wa kumfuatilia: Mringe, Rosine, Bwana Kheri, Isaac Nyondo, William Jones, mtoro asiyejulikana jina. Darasa likipewa Krapf pekee, hurudi na insha arobaini zinazofanana.

Mwezi gani ni mzuri, na tutakula wapi?

Epuka masika, kuanzia Aprili hadi Mei, kwa ajili ya matope na mvua. Kuanzia Juni mpaka Septemba hewa ni ya baridi kidogo na kijani kimeshika. Desemba hadi Machi ni joto, anza asubuhi.

Chai na mahamri kwa mbaazi mtapata Mazeras, na viazi vya karai jioni. Madafu ni hapohapo Rabai, yanaangushwa mkiona. Maji ya kunywa bebeni.

Mahali gani pengine tuunganishe?

Kwa siku moja, chagua Rabai na Ribe. Ribe ni mbele kidogo upande huohuo, ndipo Wamethodisti walipoanza mwaka 1862 na Thomas Wakefield, baada ya Krapf mwenyewe kurudi Afrika kuwasaidia kutafuta mahali. Charles New naye alifanya kazi huko.

Kwa siku mbili, ongeza Mombasa: kaburi la Rosine na mnara wa Krapf kule Nyali, na kengele ya Frere Town, ile iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Anzeni Nyali ndipo mpande Rabai, kwa mpangilio uleule ambao mambo yalitokea. Ngome ya Yesu ipewe siku yake, kwa kuwa ni habari nyingine ndefu.

Mzee wetu anatembea kwa fimbo. Ataweza?

Ataweza. Gari hufika mpaka uwanjani, na kutoka kanisani hadi makumbusho si mbali. Ardhi ina mawe na mizizi, kwa hiyo awe na mtu wa kumshika mkono. Kayani asiende, kule njia ni za msituni.

Nikifika nikakuta kanisa limefungwa?

Usizunguke ukichungulia madirishani. Nenda makumbusho au shuleni, ubishe hodi, ueleze shida yako. Mwenye ufunguo mara nyingi yuko karibu, shambani au nyumbani, na atapigiwa simu. Kama kuna msiba kijijini siku hiyo, mlango hautafunguliwa kwa ajili ya matembezi. Toa pole, na kama una nafasi, kaa na watu kidogo matangani kabla ya kurudi Mazeras.